Tambi za jiko la mafuta ya taa: jinsi ya kuzichagua, kuziandaa na kuzifunga ili jiko lisitoe moshi

Swali ni lile lile kila mara: nimeweka tambi mpya kabisa, mbona jiko linatoa moshi kuliko mwanzo? Wengine wamebadilisha, wakabadilisha tena, mwishowe wakalilaumu jiko na kulitupa stoo. Ukiwauliza walifanyaje, majibu yanafanana. Waling'oa za zamani, wakachomeka mpya, wakajaza mafuta, wakawasha papo hapo.

Jiko la Mchina, au stovu kama wanavyoliita Kenya, ni chombo chepesi kisicho na mengi ya kuharibika. Karibu kila moshi ninaoletewa kama lawama unaanzia kwenye tambi: uzi si wa pamba, au hazikukatwa sawa, au ziliwashwa kabla hazijanyonya mafuta ya kutosha. Utambi mmoja mbaya kati ya kumi unatosha kutia masizi sufuria zote za nyumba.

Kabla ya kushika mkasi, elewa jambo moja. Utambi wenyewe haupaswi kuungua. Kazi yake ni kupandisha mafuta kutoka kwenye tangi. Yakifika juu, joto linayageuza kuwa mvuke, mvuke unapanda kati ya yale mabomba mawili yenye matundu, unachanganyika na hewa inayoingia kwenye matundu, na hapo ndipo moto wa buluu unapowaka. Mvuke ukizidi hewa, moto unakuwa wa njano na masizi yanaanza. Mafuta yasipofika, utambi unaanza kujiunguza wenyewe. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

## Vifaa vya kuandaa

Viweke vyote karibu kabla hujafungua jiko.

- Tambi za pamba, idadi sawa na mirija ya jiko lako (vile vibomba vidogo ambavyo kila utambi unapita ndani yake), pamoja na mbili au tatu za ziada
- Mkasi mkali au wembe mpya
- Waya laini wenye urefu wa kama kiganja, uliokunjwa ncha iwe ndoano ndogo
- Koleo ndogo
- Rula
- Matambara makavu na gazeti la kutandika
- Mswaki wa zamani
- Mafuta ya taa safi, na faneli yenye chujio au kipande cha kitambaa safi cha kuchujia
- Ndoo ya mchanga mkavu, au blanketi zito la pamba

Ndoo ya mchanga si pambo. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ukimwaga maji juu ya moto wake, mafuta yanaelea, yanasambaa na moto unasambaa nayo. Mchanga au blanketi ndivyo vinavyozima.

Fanya kazi hii nje au kwenye baraza, mchana, watoto wakiwa mbali na jiko likiwa limepoa kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua tambi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tambi nyingi za dukani ni nyeupe, zimesukwa, na kwa macho zote zinafanana. Ndani hazifanani. Nyingine ni pamba tupu, nyingine zimechanganywa na poliesta, na ziko ambazo ni poliesta kwa sehemu kubwa. Poliesta ni plastiki na inayeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi. Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa na joto inageuka mkaa, lakini mafuta yakiwa yanapita ndani yake yanaipoza na inadumu. Poliesta ikikaribia moto inayeyuka na kuziba ncha ya utambi. Mafuta hayapiti tena, na utambi huo umekwisha siku hiyo hiyo ya kwanza.

Usimwamini muuzaji wala maandishi ya paketi. Nunua utambi mmoja kwanza, ukaupime nyumbani.

Jaribio la moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo, kiwashe mbali na mafuta. Pamba inashika moto bila kujikunja, inanukia kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni ya kijivu, laini, ukiyasugua kati ya vidole yanapotea. Poliesta inaukimbia moto: inasinyaa, inadondosha matone, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kidonge kigumu. Ukipata majivu laini yenye chembechembe ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko. Ukatae nao pia.

Jaribio la maji. Kwa kipande kingine, si kwa utambi utakaoutumia, weka tone la maji juu yake. Pamba iliyosafishwa vizuri kiwandani inalinywa tone mara moja. Tone likikaa juu kama shanga, uzi bado una nta ya asili ya pamba au umepakwa kitu.

Jaribio la kupanda. Hili ndilo ninaloliamini zaidi. Mimina mafuta ya taa kidogo kwenye kisahani, simamisha utambi mkavu ncha moja ikiwa ndani, ya pili umeifunga kwenye kijiti. Weka alama ya kalamu kila sentimita 2. Mafuta yatapanda haraka mwanzoni, kisha yatapunguza mwendo. Ukiwa na tambi za maduka mawili, zisimamishe pamoja kwenye kisahani kimoja: itakayotangulia ndiyo ya kununua. Tofauti utaiona kwa macho, huhitaji saa.

Unene. Chukua mrija mmoja kama kipimo. Utambi sahihi unaingia kwa kuvutwa kidogo, unagusa kuta zote za mrija, lakini haukwami. Ukiwa mnene mno, nyuzi zinabanwa na njia ya mafuta inafungwa: moto utakuwa dhaifu hata tangi likijaa. Ukiwa mwembamba, unabaki uwazi pembeni ambao mvuke unapita, na moto unaweza kushuka kupitia uwazi huo hadi kwenye tangi. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua kati ya makosa hayo mawili, bora unaobana. Unaolegea ni hatari.

Vipi kuhusu vitu vya kuokoteza nyumbani? Fulana ya pamba tupu iliyofuliwa mara nyingi inaweza kukusogeza siku mbili tatu ukiikata vipande virefu na kuvisuka vikaze, baada ya kuipima kwa moto. Nyuzi za mopu ni za kubahatisha, nyingi zina poliesta. Pamba ya hospitali inanyonya vizuri lakini haina msuko, ukiivuta inakatika ndani ya mrija. Sufi ya mto achana nayo kabisa. Inanyonya mafuta kwa pupa, ndiyo, lakini nyuzi zake ni fupi, hazishikamani, na zinashika moto kwa kasi mno.

Ziko pia tambi za nyuzi za kioo. Hizo haziungui, ila zinavunjika zikikunjwa na vumbi lake linawasha ngozi. Kwa jiko la nyumbani, pamba inatosha.

## Hatua ya 2: Toa za zamani

Mwaga mafuta yote kwenye galoni na uifunike. Inua sehemu ya juu ya jiko, toa mabomba mawili yenye matundu, uyaweke pembeni kwa mpangilio uliyoyatoa: la nje, la ndani. Kwenye baadhi ya majiko kuna skrubu mbili au tatu za kufungua kabla ya kufikia mirija.

Pandisha kishikio, kile cha kupandishia na kushushia tambi, hadi mwisho, shika kila utambi kwa koleo, uvute taratibu. Ukikatika ndani, tumia waya wenye ndoano kutoa mabaki. Usilazimishe kwa bisibisi, maana mrija ukipinda hutaweza tena kusawazisha moto.

Usitupe za zamani bado. Chagua moja nzima na uitunze kama kipimo cha urefu. Na ziangalie zilivyochakaa, zinakusimulia historia ya jiko. Zikiwa nyeusi sentimita 1 tu juu, zilikuwa zinafanya kazi vizuri na zimezeeka kwa haki. Zikiwa zimeungua kushuka ndani ya mrija, jiko lilikuwa linaachwa likaushe mafuta. Zikiwa na utelezi wa kahawia chini, tangi lina maji au uchafu.

## Hatua ya 3: Safisha tangi na mirija

Maji ni mazito kuliko mafuta ya taa, kwa hiyo yanakaa chini kabisa ya tangi, mahali pale pale miguu ya tambi inaponywea. Utambi ukishanywa maji, moto unatapatapa, unapasuka-pasuka, unafifia upande mmoja. Watu wanabadilisha tambi mara kwa mara huku maji yakiwa bado yamo.

Pindua tangi kichwa chini, liache litiririke. Suuza kwa mafuta ya taa kidogo, tikisa, mwaga kwenye chombo cha kioo na utazame: matone ya duara yanayozunguka chini ni maji. Rudia mpaka yasiwepo. Kisha liache wazi juani mpaka likauke.

Mirija ipitishie kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Mabomba yenye matundu yapige mswaki mkavu, ndani na nje, halafu yanyanyue uelekeze kwenye mwanga. Kila tundu lionyeshe mwanga. Tundu lililoziba ni hewa iliyokosekana, na kukosekana kwa hewa ndiyo masizi.

Usioshe jiko kwa petroli kwa sababu yoyote ile. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike angalau nyuzi joto 38 hivi. Petroli inautoa hata kwenye baridi kali. Mabaki kidogo tu ndani ya tangi yanatosha kulipua jiko.

## Hatua ya 4: Kausha na kata

Tambi mpya zianike juani saa chache, hata kama zimetoka kwenye paketi. Pamba inavuta unyevu wa hewani, hasa Pwani na wakati wa masika. Usizikaushe juu ya moto.

Urefu uupime kishikio kikiwa juu kabisa. Hapa pana mtego: ukipima kikiwa chini, utambi utakaopandishwa utaacha sakafu ya tangi, na jiko litazimika wakati bado kuna mafuta. Kipimo ni kutoka ncha ya mrija hadi sakafu ya tangi, ongeza sentimita 3 hadi 5 za kulala chini. Zaidi ya hapo mikia itajisokota na kubana kishikio kisishuke, na jiko lisiloshuka haliwezi kuzimwa.

Kata ncha ya juu kwa wembe, mraba, si mshazari. Nyuzi zinazochomoza zipunguze, maana uzi mmoja uliosimama peke yake unatoa ulimi wa moto wa njano. Ncha ya chini unaweza kuifumua kama sentimita 2 ili inywe vizuri.

## Hatua ya 5: Pitisha kwenye mirija

Paka ncha ya utambi mafuta ya taa kidogo uiminye iwe nyembamba. Ingiza waya kutoka upande wa pili, uinase ncha kwa ndoano, vuta bila kuusokota. Utambi uliosokoteka unajibana mwenyewe katikati. Baadhi ya majiko yana vimeno vidogo vya kuushika utambi, hakikisha vimeushika kila upande.

Vuta kila utambi kidogo kwa vidole. Ukitoka kirahisi, ni mwembamba.

Onyo: usiwashe kamwe jiko lenye mrija mtupu. Najua wako wanaobana matumizi kwa kuweka tambi sita kwenye jiko la kumi. Kila mrija usio na utambi ni mlango wazi kutoka kwenye moto hadi kwenye mafuta. Ukikosa utambi mmoja, subiri upate.

## Hatua ya 6: Sawazisha

Kama ungekuwa na muda wa kufanya hatua moja tu kwa umakini, ningekuomba iwe hii.

Pandisha kishikio hadi mwisho. Kila utambi uchomoze juu ya mrija kama nusu sentimita, isipokuwa maelekezo ya kiwanda yakisema vingine. Tumia rula, usitumie jicho. Inamisha kichwa usawa wa tambi utazame kutoka pembeni, zungusha jiko robo, tazama tena, mpaka umalize mzunguko. Unatafuta mstari mmoja ulionyooka.

Kwa nini ukali wote huu? Kishikio kinapandisha tambi zote kwa pamoja. Ukiwa na mmoja uliozidi, una mambo mawili ya kuchagua: kupandisha zote ili nyingine ziwake vizuri na huo mmoja utoe moshi, au kushusha zote ili huo mmoja utulie na nyingine zife. Hakuna mahali pa katikati pa kishikio patakapokuponya.

Ukishamaliza, shusha na pandisha kishikio mara kadhaa kisha upime upya. Tambi mpya hujikalia zikishavutwa, na moja au mbili zitakuwa zimesogea. Zirekebishe. Kishikio kikishuka chini, ncha zote zinapaswa kuzama ndani ya mirija.

## Hatua ya 7: Jaza na usubiri

Chuja mafuta yanapoingia. Jaza robo tatu ya tangi, si zaidi, kwa sababu mafuta yakipata joto yanatanuka. Futa yaliyodondoka.

Sasa subiri nusu saa, kishikio kikiwa chini. Usiwashe. Utambi mkavu ukiwashwa, kinachoungua ni pamba yenyewe, ncha inageuka kaa gumu, na mafuta yanapofika yanakuta njia imeziba. Dakika hizo 30 ndizo zinazoamua kama tambi zako zitadumu au la. Kabla ya kuwasha, pandisha kishikio, gusa kila ncha kwa kidole. Zote ziwe zimelowa na kung'aa. Kama kuna kavu, imebana mno au mkia wake haukufika chini.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kiberiti.

## Hatua ya 8: Washa mara ya kwanza

Weka jiko nje, mahali pa sawa pasipo upepo, bila sufuria. Pandisha tambi, inua mabomba kidogo, washa utambi mmoja, moto utazunguka wenyewe. Rudisha mabomba na uyatikise kulia na kushoto kwa mpini wake mpaka yakae kitako. Bomba lililokaa upande linaharibu moto hata kama tambi zimenyooka.

Dakika za mwanzo moto utakuwa wa njano na kutakuwa na harufu. Usiogope na usianze kupandisha-pandisha. Mabomba yanahitaji kupata joto kwanza. Yakishapata, moto unageuka buluu, unasimama kimo kimoja mzunguko mzima, na bomba la ndani linaanza kuiva wekundu. Moshi hakuna, harufu karibu hakuna. Bandika sufuria ya maji yenye kitako safi kwa dakika chache, ukiinua uipitishie kidole. Kidole kikitoka safi, umefanikiwa.

Kama baada ya dakika 10 bado ni njano, zima na utafute sababu.

Kuzima ni kushusha kishikio na kuacha moto ufe wenyewe. Usipulize kutoka juu, unaweza kuusukuma moto chini kuelekea tangi. Na usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka au lina moto bado, hata kama ugali umebakiza dakika mbili.

## Likigoma, soma moto

Ulimi mmoja wa njano, mwingine wote buluu. Utambi wa sehemu hiyo umezidi au una uzi uliochomoza. Lipoe, ukate.

Upande mzima ni dhaifu. Jiko limeinama, au mabomba hayajakaa. Tambi ni za mwisho kushukiwa.

Moto mzima ni njano. Umepandisha mno, matundu yameziba, au jiko limewekwa mahali pasipo hewa.

Moto unapasuka-pasuka. Maji. Rudi hatua ya 3.

Moto unafifia mafuta yakipungua. Hili ni la kawaida: kadiri mafuta yanavyoshuka ndivyo utambi unavyoyapandisha umbali mrefu zaidi. Usingoje tangi likauke, zima na uongeze likibaki robo.

Moto unaruka juu ghafla, haushuki ukishusha kishikio. Usilibebe jiko. Ondoa watu, funika kwa blanketi au mchanga. Mafuta hayo huenda yamechanganywa na petroli. Usiyatumie tena, wala usimuuzie mtu.

## Baada ya hapo

Ncha zikianza kuota ugumu mweusi, pandisha tambi jiko likiwa baridi, uzikate zote kwa wembe kiasi kidogo tu, halafu rudia usawazishaji wa hatua ya 6. Usikate mmoja peke yake. Zikishafika mahali ambapo mikia haigusi tena sakafu ya tangi, badilisha seti nzima, kwa sababu mpya ikichanganywa na zilizochoka haziwezi kupandisha mafuta kwa kasi moja.

Hata likiwaka buluu, jiko hili linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Dirisha liwe wazi linapowaka, na lisibaki linawaka chumbani watu wakilala.

Mafuta yanayobaki yatunze kwenye galoni yenye kifuniko, juu, mbali na mikono ya watoto. Usiyaweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chombo alichonywea ukawaonyeshe.

Zile tambi mbili tatu za ziada zifunge kwenye mfuko mkavu, pamoja na ule waya wa ndoano na utambi wa zamani wa kupimia urefu.